Viroboto 11 kwa paka, 209 ndani ya nyumba

Jumamosi moja asubuhi, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, nilimkalisha Pili juu ya taulo jeupe kwenye baraza la nyumba yetu Kitisuru, Nairobi, nikaanza kumchana. Pili ni paka wa kilo nne, mwenye milia ya kijivu, asiye na kitanda maalumu kwa sababu vitanda vyote ni vyake. Pembeni niliweka bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo. Chanuo lenye meno yaliyobanana lilishuka mgongoni hadi pale mkia unapoanzia, na kila nilipolichovya majini kilibaki kidude cheusi kikirusha miguu mara mbili tatu, kisha kikazama. Nilipomaliza nikahesabu: 11. Juu ya taulo palikuwa na chenga nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nilizidondoshea tone la maji, zikageuka rangi ya kutu. Hiyo ilikuwa damu ya Pili, imepita tumboni mwa viroboto na kutoka kama kinyesi.

Kumi na mmoja si wengi, nilijiambia. Hapo ndipo fedha za watu wengi huanza kupotea.

Kuna uwiano ambao madaktari wa wanyama huutumia kukadiria. Ukihesabu viroboto 100 wa nyumba moja pamoja na vizazi vyao, 5 tu ndio wakubwa wanaoishi mwilini mwa mnyama. Mayai ni 50, mabuu 35, na 10 wamejifungia kwenye vifuko vya hariri wakingoja wakati wao. Ni makadirio, na hubadilika kutoka nyumba hadi nyumba, lakini yanatosha kumwonyesha mtu ukubwa wa kazi. Kama wangu 11 ndio ile asilimia 5, basi jumla yao ilikuwa 220: mayai 110, mabuu 77, vifuko 22. Nilipomwaga lile bakuli nilikuwa nimeondoa sehemu moja kati ya 20. Wale 209 walibaki chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu ya mbao na kwenye mshono wa godoro la mtoto. Na chanuo halikamati kila kiroboto.

Mdudu huyu wataalamu humwita Ctenocephalides felis, kiroboto wa paka, ingawa ndiye pia anayewatesa mbwa karibu kote duniani. Jike akimpata paka hunywa damu ndani ya dakika chache, na baada ya saa 24 hadi 48 huanza kutaga. Akiwa katika kilele chake hufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mimi nimechukua 25 nisije nikatia chumvi. Tuseme kati ya wale 11, majike ni 6. Sita mara 25 ni mayai 150 kwa siku, na kwa siku 30 ni 4,500. Hata kama katika kila mayai 20 ni moja tu litakalofikia ukubwa, wapya ni 225 kutoka kwa majike sita niliodhani si wengi.

Yai lenyewe ni jeupe, lina urefu wa nusu milimita, na halinati. Paka akijikuna, akiruka kutoka dirishani au akijigeuza usingizini, mayai humwagika. Kwa hiyo paka mwenye viroboto ni mpanzi, na shamba lake ni kila anapolala. Baada ya siku 1 hadi 10 yai huanguliwa, na buu anayetoka hukimbia mwanga na kushuka chini, ndani ya nyuzi za zulia na kwenye nyufa. Chakula chake kikuu ni zile chenga nyeusi zinazodondoka kutoka kwa mnyama. Yaani viroboto wakubwa huwalisha watoto wao damu ya paka yule yule, huku wao wenyewe wakiwa bado wamepanda juu yake.

Damu nayo ina hesabu yake, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Jike mmoja huweza kunywa mikrolita 13.6 kwa siku, mara 15 ya uzito wake. Majike 100 ni takriban mililita 1.4 kwa siku. Pili, mwenye damu inayokaribia mililita 260 mwilini, atastahimili. Lakini mtoto wa paka wa nusu kilo ana takriban mililita 33 tu. Majike 100 humnyang'anya asilimia 4 ya damu yake kila siku, na kwa wiki moja ni zaidi ya robo. Mwili hujitahidi kuzalisha nyingine, lakini mtoto mdogo hashindi mashindano hayo. Ukimwona kitoto cha paka amelegea na ufizi wake umepauka kama karatasi, usingoje wiki nyingine wala usitafute unga wa viroboto dukani. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Buu akishiba hujisokotea kifuko cha hariri chenye urefu wa milimita 5 hivi. Kifuko hicho kinanata, kwa hiyo hujipaka vumbi na mchanga hadi kikafanana na uchafu wa sakafu. Ndani yake kiroboto aliyekwisha komaa anaweza kukaa bila kula, akingoja hadi siku 140 au zaidi mahali penye ubaridi. Dawa za kupulizia hazimpati vizuri humo. Kinachomwamsha ni mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi ya kiumbe hai.

Hili lina uzito wake huku kwetu. Kitisuru ni vilima vilivyokuwa mashamba ya kahawa, leo ni nyumba kubwa za kupanga, nyingi zikiwa na sakafu ya mbao, bustani yenye kivuli na ua wa michongoma. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Gigiri, si mbali na hapa, na wapangaji huja na kuondoka kwa mikataba. Mpangaji anahama na paka wake, nyumba inakaa wiki sita bila mtu, inapakwa rangi, kisha familia nyingine inaingia na masanduku. Jioni hiyo hiyo watoto wanajikuna vifundo vya miguu. Wanalaumu bustani, wanamlaumu mbwa wa jirani. Ukweli ni kwamba viroboto wa mpangaji wa kwanza walikuwa sakafuni wakingoja nyayo. Ukitaka kujua kabla hujatia sahihi mkataba, vaa soksi nyeupe ndefu utembee taratibu kila chumba kwa dakika 10, ukikanyaga kwa uzito karibu na kuta. Kiroboto wa paka huruka kwa urefu wa sentimita 13 hivi kwenda juu, na rekodi yake ni 17, kwa hiyo utamkuta soksini.

Hali ya hewa ya Nairobi nayo huwadanganya watu. Julai ikifika na majaketi yakatolewa, wengi hudhani wadudu wamekufa. Kiroboto hufa joto likishuka chini ya nyuzi 3 na kukaa huko kwa siku kadhaa, na usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 10 au 11 tu, tena nje, si ndani ya nyumba. Baridi yetu humchelewesha. Mzunguko ambao ungekamilika kwa wiki mbili au tatu mahali penye joto kama Mombasa, hapa unaweza kuchukua wiki sita hadi nane. Na kuchelewa huko kunapandisha gharama, kwa sababu kila wiki anayokaa kifukoni ni wiki ambayo lazima dawa iwe bado inafanya kazi mwilini mwa paka atakapotoka.

Sasa fedha. Bei za agroveti na za kliniki hutofautiana, hivyo nimechukua tarakimu za mviringo ili hesabu ifuatike. Weka zako mahali pa zangu. Kumwona daktari, shilingi 2,000. Dawa ya matone ya shingoni, 1,500 kwa mwezi, mara tatu ni 4,500. Dawa ya minyoo, 300. Chanuo, 500. Kopo la dawa ya kupulizia sakafuni lenye kizuizi cha ukuaji, 2,500. Hapo tumefika 9,800.

Kisha mashine ya kufyonza vumbi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walionyesha kwamba asilimia 96 ya viroboto wakubwa waliofyonzwa na mashine walikufa humo ndani, na wadogo wote walikufa. Tena mtikisiko wake huwaamsha waliomo kwenye vifuko. Mashine ya wati 1,600 ikitumika nusu saa hula uniti 0.8 za umeme. Ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 24 kwa mara moja. Kila siku kwa siku 14 za kwanza, halafu mara mbili kwa wiki kwa wiki 10, ni mara 34, yaani shilingi 816. Kufua matandiko ya paka na ya watu kwa maji ya nyuzi 60 mara moja kwa wiki, uniti moja na nusu kila mara, ni shilingi 540 kwa wiki 12. Jumla imekuwa 11,156.

Kuna gharama moja ambayo sijawahi kuiona kwenye orodha ya mtu yeyote, nayo ni jasho la anayeisukuma hiyo mashine. Mara 34 za nusu saa ni saa 17. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, kilichoanza Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kwa wiki ya saa 52, hiyo ni kama shilingi 71.50 kwa saa, na saa 17 ni 1,216. Kama kazi hii imeongezwa juu ya kazi zake za kawaida, mlipe. Bila saa hizo 17, ile dawa ya 4,500 inapigana peke yake na maadui 209. Jumla kamili ni shilingi 12,372 kwa miezi mitatu, kama 137 kwa siku.

Linganisha na njia inayofuatwa na wengi. Unga wa viroboto, 300. Matone ya mwezi mmoja, 1,500. Wiki ya pili viroboto wakiwa bado wapo, mtu anaita watu wa kupuliza nyumba nzima, tuseme 8,000. Baada ya siku 10 wanaonekana tena, anapandwa na hasira, anaita wengine, 8,000 nyingine. Hiyo ni 17,800, zaidi kwa 5,428, na paka hana kinga tangu mwezi wa kwanza ulipoisha. Sisemi wapulizaji ni matapeli. Dawa yao huua wakubwa na mabuu inaowafikia, lakini haipenyi kifuko. Waliomo ndani hutoka wiki mbili hadi nne baadaye, wakati mwingine hata zaidi. Mpulizaji mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajapokea M-Pesa yako. Asipokuambia, muulize.

Kopo nililolitaja ni muhimu kwa sababu ya kile kizuizi cha ukuaji. Kwenye lebo tafuta piriproksifeni au methopreni. Kazi yake ni kulizuia yai lisianguliwe na buu asikomae, na piriproksifeni hudumu kwa miezi mahali pasipofikwa na jua. Lenga chini ya kochi, kando ya kuta, nyufa za mbao na mahali pa kulala paka. Katikati ya sebule hapahitaji sana. Nyasi zinazopigwa na jua kutwa hazihitaji kabisa, kwa sababu mabuu hawavumilii ukavu wala jua kali. Nje shughulikia kivulini tu: zoa majani makavu chini ya michongoma na baraza, yaache jua lipige. Nyuki wa bustani watapona na fedha zako zitabaki mfukoni.

Kama una wanyama watatu, usitibu mmoja. Kila wa ziada anaongeza 4,500 kwa miezi mitatu, kwa hiyo ile 12,372 inakuwa 21,372. Inauma, lakini mnyama mmoja asiyetibiwa anatosha kupanda upya shamba zima. Asiye na uwezo huo aanze na chanuo la 500 na sabuni ya 200, achane kila siku, amwagie matandiko maji ya moto, afagie nyufa na kumwaga taka nje ya nyumba mara moja. Ni njia ndefu, lakini inapunguza, na kwa mtoto wa paka aliye chini ya wiki 8 chanuo ndilo salama kuliko dawa nyingi.

Kuhusu unga na dawa za bei rahisi nitasema bila kuficha. Permethrini, inayopatikana kwenye dawa nyingi za mbwa, ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa. Tone la dawa ya mbwa, lenye permethrini ya asilimia 45 au zaidi, laweza kumtetemesha, kumtia kifafa na kumuua. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe zenye amitrazi, ambazo huku upande wa Kabete hazikosekani kwenye boma lenye ng'ombe wawili. Usigawe chupa ya mbwa mkubwa kwa paka watatu ili kuokoa 1,000. Soma kama lebo imeandikwa paka, uzito gani, umri gani, na kama ina namba ya usajili nchini. Una shaka? Hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, karibu na hapa.

Viroboto wenyewe si kero ya kujikuna tu. Nairobi iliwahi kuwaogopa viroboto kiasi cha kuchoma mtaa: mwaka 1902 tauni ilipozuka, soko la Wahindi lilitiwa moto. Wale walikuwa viroboto wa panya, si hawa. Wa paka ana madhara yake. Paka akijilamba na kummeza, hupata minyoo tegu aina ya Dipylidium, ambayo vipande vyake huonekana mkiani kama punje za mchele. Ndiyo maana ile dawa ya minyoo ya 300 imo kwenye orodha. Mtoto akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya naye huweza kuambukizwa. Kinyesi cha kiroboto hueneza Bartonella, bakteria wa homa ya mkwaruzo wa paka. Na Rickettsia felis, bakteria anayebebwa na kiroboto huyu, alikwisha patikana kwa wagonjwa wa homa hapa Kenya, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 kutoka kaskazini mashariki na mwaka 2012 kutoka magharibi mwa nchi. Homa isiyo malaria wala taifodi katika nyumba yenye viroboto ni jambo la kumtajia daktari wako.

Baada ya miezi mitatu, je, uendelee na matone mwaka mzima? Dozi 12 ni shilingi 18,000, zaidi ya gharama ya vita vyote nilivyovieleza. Kwa paka anayezurura usiku uani, wanakopita panya, nguchiro na paka wa majirani, ningelipa. Kwa paka asiyetoka ndani, ningemchana kila wiki na kuanza dawa siku ya kiroboto wa kwanza. Kuna sababu nyingine ya kutomwaga dawa ovyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichunguza sampuli za mito 20 ya Uingereza za kati ya 2016 na 2018, wakakuta fipronili, dawa inayotumika sana dhidi ya viroboto, katika asilimia 98 ya sampuli. Mabonde ya Kitisuru nayo yana vijito, na maji ya kumwogeshea mnyama huishia huko.

Kwa Pili niliweka daftari. Siku ya kwanza 11. Siku ya 8, 6. Siku ya 15, 9. Siku hiyo Mama Kamau, anayetusaidia kazi za nyumbani, aliliangalia bakuli akaniuliza, "Hawa wamezaliwa upya, ama ni wale wale?" Lilikuwa swali sahihi kuliko yote. Walikuwa wale wale, waliokuwa kwenye vifuko tangu mwanzo na sasa walikuwa wakitoka, wakimrukia paka mwenye dawa na kufa bila kutaga. Nilikuwa nimeshaishika simu niwaite wa kupuliza. Niliiweka chini, naye akawasha mashine.

Siku ya 31, 3. Siku ya 45, 1. Siku ya 61 chanuo lilitoka tupu, na asubuhi hiyo hiyo Pili akapata dozi yake ya tatu. Tutaendelea kumchana kila Jumamosi hadi siku ya 140.